UZI: Silaha ghali zimebaki chache hadi zinaogopwa kutumika, na droni ya bei chee imeingia hapo hapo

#1 (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuandaa kwa muda na ni mrefu. Mwenye haraka auhifadhi, atarudi.

Nianze na gari moja la Kijerumani linaloitwa Gepard. Ni gari la deraya la miaka ya 1970, lina mizinga miwili ya milimita 35 na rada juu yake, na kazi yake ni kutungua vitu vinavyoruka chini. Mwaka 2010 Ujerumani ilikuwa inabana matumizi ya jeshi, Gepard likaondolewa kazini. Ukijiweka kwenye viti vya wale waliokuwa wanapanga bajeti unawaelewa kabisa. Vita Baridi vilikwisha zamani, adui wa kuruka chini hayupo, na gari kuukuu linakula fedha za matengenezo kila mwaka.

Miaka 12 baadaye Urusi ikaanza kuirushia Ukraini droni za Shahed, zenye asili ya Iran. Zinakwenda kama kilomita 180 kwa saa, zinaruka chini, zinanguruma kama pikipiki. Moja ya silaha zilizozifaa kuliko zote ikawa lile Gepard la ghalani. Likapelekwa, kisha ikaonekana kwamba risasi hazitoshi. Risasi zilikuwa zinatengenezwa Uswisi, na Uswisi kwa msimamo wake wa kutoegemea upande ikakataa zisipelekwe vitani. Ikabidi kampuni ya Rheinmetall ianzishe upya utengenezaji ndani ya Ujerumani, na mzigo wa kwanza ukatoka Septemba 2023. Mwaka 2024 jeshi la Ujerumani lenyewe likaagiza mifumo 19 ya Skyranger, mizinga ya kutungulia droni iliyofungwa juu ya magari ya deraya, kwa karibu yuro milioni 600. Ni kazi ile ile ya Gepard.

Kisa hiki hakinitoki kichwani kwa sababu kina kila kitu ninachotaka kukisema. Bajeti ilibanwa, kilichokatwa kikawa kile cha kawaida, cha wingi, kisicho na sifa kwenye maonyesho ya silaha. Teknolojia ikageuka, na kile kile cha kawaida kikahitajika kwa maelfu.

Sasa tazameni upande wa pili, vile vilivyobakizwa. Ndege ya kivita ya F-22 Marekani ilipanga kununua 750. Zilizoingia kazini ni 187, na utengenezaji ukakoma mwaka 2011. Ndege ya kudondosha mabomu ya B-2 ilipangwa 132, zikaundwa 21, kila moja ikigharimu kama dola bilioni 2 ukijumlisha gharama za utafiti. Manowari za Zumwalt zilipangwa 32, zikaishia 3. Hizi Zumwalt ziliundwa kuzunguka mizinga miwili mikubwa ambayo ingepiga nchi kavu kutoka mbali kwa gharama nafuu. Meli zilipopunguzwa, idadi ya risasi za kuagiza nayo ikapungua, bei ya risasi moja ikapanda hadi kama dola 800,000, na mwaka 2016 jeshi la majini likaachana nazo. Manowari za mabilioni zikabaki na mizinga isiyo na risasi.

Hesabu yake ni nyepesi na ndiyo inayouma. Chukua mfano wa kubuni: utafiti wa ndege umegharimu bilioni 10. Ukinunua ndege 100, kila moja inabeba milioni 100 za utafiti. Bunge likisema ni ghali, punguzeni mpaka 20, basi kila moja inabeba milioni 500. Sasa ni ghali zaidi, wanasema punguzeni tena. Norman Augustine, aliyekuja kuongoza kampuni ya Lockheed Martin, aliifuata hesabu hii mpaka mwisho wake akasema kwamba ifikapo mwaka 2054 bajeti nzima ya ulinzi ya Marekani itatosha kununua ndege moja tu. Alisema hayo zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Hoja yangu ni hii, na naomba tuijadili: jeshi la leo linapimwa kwa uwezo wa kufidia kilichopotea. Silaha ambayo ukiipoteza huwezi kupata nyingine ni mzigo, hata iwe bora kiasi gani.

Nitaendelea. Karibuni.

#2

Mkuu, uzi mzuri, ila hapo kwenye bajeti kubanwa umeniacha. Taasisi ya SIPRI ya Sweden ilisema matumizi ya kijeshi duniani mwaka 2024 yalifika dola trilioni 2.7, ongezeko la asilimia 9.4 kwa mwaka mmoja. Nchi za NATO zilikubaliana The Hague mwaka 2025 kwamba zifike asilimia 5 ya pato la taifa ifikapo 2035. Fedha zinamwagika. Ufinyu uko wapi?

#3 (mleta uzi)

Swali zuri, na nisipolijibu uzi wote unaanguka.

Fedha zimerudi, kweli. Lakini jeshi halinunuliwi kwa bajeti ya mwaka huu peke yake. Jeshi unaloingia nalo vitani ni lile lililojengwa au kubomolewa miaka 20 nyuma. Baada ya Vita Baridi kila mtu alikata. Uholanzi mwaka 2011 iliamua kufuta vifaru vyake vyote, baadaye ikaiuzia Finland vifaru 100 vya Leopard. Ujerumani iliyokuwa na Leopard 2 zaidi ya 2,000 ikabaki na mamia machache. Jeshi la nchi kavu la Uingereza limeshuka hadi kama askari 73,000, halijawahi kuwa dogo hivyo tangu enzi za Napoleon. Mwaka 2014, NATO ilipokubaliana Wales kuhusu lengo la asilimia 2, nchi zilizokuwa zimelifikia zilikuwa 3 tu.

Viwanda navyo vikakatwa. Mwaka 1993 wakubwa wa Pentagon waliwaita wakuu wa kampuni za silaha kwenye chakula cha jioni wakawaambia wazi kwamba fedha ya kuwalisha wote haipo, unganeni. Kampuni kubwa zilizokuwa 51 zikawa 5. Matokeo yake yalijificha kwa miaka mingi kwa sababu hapakuwa na vita vya kula risasi nyingi.

Vilipokuja, tukaona. Kabla ya 2022 Marekani yote ilikuwa inatengeneza risasi za mizinga ya milimita 155 kama 14,000 kwa mwezi. Ukraini kuna vipindi ilipiga zaidi ya 5,000 kwa siku. Kazi ya mwezi mzima ya kiwanda cha taifa kubwa kuliko yote kijeshi ingeliwa ndani ya siku tatu! Umoja wa Ulaya uliahidi risasi hizo milioni moja ifikapo Machi 2024, ukafikisha kama nusu. Bei ya risasi moja ya mzinga Ulaya ilipanda kutoka kama yuro 2,000 hadi karibu 8,000. Kwa hiyo mkuu, ukiongeza bajeti maradufu na bei ikawa mara nne, umenunua nusu ya ulichokuwa unanunua. Huo ndio ufinyu ninaousema.

Kuna habari moja inanisikitisha kila nikiikumbuka. Makombora ya Stinger ya begani yalipohitajika upya, kampuni inayoyatengeneza ililazimika kuwaita wahandisi waliokwisha kustaafu, watu wenye miaka zaidi ya 70, waje wawafundishe vijana kazi ambayo hakuna aliyebaki kiwandani anayeijua. Fedha unaweza kuzirudisha kwa kura moja bungeni. Mkono wa fundi haurudi hivyo.

#4

Mleta mada, nimevaa gwanda miaka 14, askari wa miguu. Nakuheshimu ila ngoja nikuambie kitu. Kila baada ya miaka michache anatokea mtu anatangaza kwamba kifaru kimekufa, mzinga umekufa, askari wa miguu amekufa. Droni haikai kwenye handaki, haimlindi raia usiku, haichukui kijiji ikakishika. Mwisho wa siku ni kijana mwenye bunduki na matope mpaka magotini. Nyie wa mitandaoni mkiona video ya kifaru kinaungua mnadhani mmeona vita vyote.

#5 (mleta uzi)

Nakushukuru mkuu, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nawe. Ardhi inashikwa na watu. Ukraini na Urusi wamechimba mahandaki ambayo askari wa 1916 angeyatambua. Lakini naomba utazame jinsi huyo kijana anavyofika kwenye handaki lake sasa.

Droni ndogo ya kamera, ile rubani anavaa miwani na kuona kile inachokiona, inagharimu kama dola 400 au 500. Vipuri vyake ni vya madukani, na kilipuzi kinafungwa kwa mikono. Inafika kilomita 10, nyingine 20. Desemba 2023 Zelensky alisema nchi yake itatengeneza milioni moja kwa mwaka mmoja, na lengo hilo lilipitwa. Maana yake ni kwamba kando ya mstari wa mbele kuna ukanda mzima ambako chochote kinachotembea mchana kinaonekana na kinapigwa. Gari la chakula haliingii, majeruhi hatolewi hadi usiku, na wakati mwingine hatolewi kabisa. Kikosi kinakwenda wawili wawili au watatu watatu, kwa miguu. Wewe uliyevaa gwanda unajua maana ya kutembea na mzigo kilomita 10 gizani kabla hata hujafika vitani. Kifaru hakijafa, bado kinahitajika, lakini kinakaa nyuma kimefunikwa vizimba vya nyavu na vyuma, kinatoka kupiga kisha kinakimbilia mafichoni.

Jeshi la nchi kavu la Marekani lilisoma hayo, likachukua uamuzi ambao nadhani haukupewa uzito unaostahili. Februari 2024 lilifuta mradi wa helikopta mpya ya upelelezi, FARA, baada ya kutumia kama dola bilioni 2. Sababu waliyoitoa ni kwamba vita vya Ukraini vimewaonyesha upelelezi wa angani umebadilika kabisa. Kabla ya hapo, mwaka 2020, kikosi cha wanamaji wa Marekani kiliamua kuachana na vifaru vyake vyote. Ni vigumu kwa jeshi kuacha kitu lililokipenda. Nawaheshimu waliothubutu.

Nije baharini, maana huko ndiko hoja yangu inaonekana uchi.

Ukraini iliingia vitani 2022 karibu bila jeshi la majini. Meli yake kubwa, Hetman Sahaidachny, waliizamisha wenyewe bandarini Mykolaiv isitekwe. Upande wa pili kulikuwa na Kikosi cha Bahari Nyeusi cha Urusi na manowari yake kuu, Moskva. Tarehe 14 Aprili 2022 Moskva ikazama baada ya kupigwa na makombora ya Neptune yaliyotengenezwa Ukraini kwenyewe. Kisha zikaja boti zisizo na mtu, Magura, urefu wake kama mita 5 na nusu, zimejazwa vilipuzi na zinaongozwa kwa satelaiti kutoka mamia ya kilomita. Bei yake inatajwa kuwa karibu robo milioni ya dola. Ndani ya wiki chache za mwanzo wa 2024 zilizama meli za Urusi: Ivanovets, kisha Tsezar Kunikov, kisha Sergei Kotov. Uturuki ilikwisha kufunga mlango wa Bahari Nyeusi kwa meli za kivita kwa mujibu wa Mkataba wa Montreux wa 1936, hivyo meli ya Urusi iliyozama haikuweza kuletewa mbadala kutoka bahari nyingine. Sehemu kubwa ya kikosi ikahamia Novorossiysk, na nafaka ya Ukraini ikarudi kupita.

Na tarehe 1 Juni 2025 ndiyo siku iliyonifanya nianze kuandika uzi huu. Droni 117 zilifichwa ndani ya vibanda vya mbao, vibanda vikabebwa na malori ndani ya Urusi, mapaa yakafunguka, zikatoka kwenda kupiga ndege za kudondosha mabomu viwanjani. Kiwanja kimoja, Belaya, kiko Irkutsk, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka Ukraini. Ukraini ilidai kupiga ndege 41. Makadirio ya maofisa wa Marekani yalikuwa ya chini, kama 20 zilizopigwa na kama 10 zilizoteketea kabisa. Chukua hiyo ndogo. Tu-95 na Tu-22M3 hazitengenezwi tena tangu miaka ya 1990. Hakuna kiwanda kinachoziunda. Droni zilizoziteketeza ni rahisi kuzipatia mbadala.

Hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike, mkuu. Kijana wa handakini bado yupo. Kilichobadilika ni kwamba kila kitu kinachomlisha, kinachomlinda na kinachomfunika kutoka juu sasa kinaweza kutafutwa na kupigwa na kitu cha bei ndogo kuliko chenyewe mara elfu.

#6

Mimi ni mtu wa redio na mawasiliano, naomba niongeze kidogo maana mleta mada ameruka jambo.

Droni nyingi zinazorushwa hazifiki. Mawimbi yanavurugwa. Unaona picha inakwaruza, inapotea, droni inaanguka shambani. Silaha za kisasa zinazotegemea GPS nazo zimepata taabu: risasi za mizinga za Excalibur za Marekani, ghali na sahihi mno mwanzoni, usahihi wake uliporomoka Warusi walipoanza kuvuruga ishara. Jibu lililokuja ni la kizamani kabisa: waya. Droni inabeba bobini ya uzi mwembamba wa faiba, inaufungua nyuma yake kilomita 10, 15, 20. Hakuna mawimbi, hakuna cha kuvuruga. Mashamba ya huko sasa yametandazwa nyuzi kama utando wa buibui.

Ninachotaka kusema ni kwamba mzunguko wa kubadilika ni wiki, si miaka. Ukibadilisha masafa leo, mwezi ujao yameshajulikana. Sasa jeshi linaloandika zabuni mwaka huu, linajaribu baada ya miaka 5 na kupokea silaha baada ya miaka 12, linapokea kitu ambacho adui ameshakisahau.

#7 (mleta uzi)

Nyongeza ya thamani sana, asante. Na imenifungulia njia ya upande wa kujilinda, ambako ndiko fedha zinavuja.

Shahed moja inakadiriwa kati ya dola 20,000 na 50,000. Kombora la kisasa la Patriot, mtambo wa Marekani wa kujikinga na mashambulizi ya angani, ni kama dola milioni 4. Mwaka 2024 kiwanda kilitoa makombora hayo kama 500. Mwezi Julai 2025 peke yake Urusi ilirusha droni zaidi ya 6,000. Hata ungekuwa na fedha zote za dunia, makombora hayapo. Kwa hiyo Patriot inatunzwa kwa ajili ya kutungua makombora ya kasi kubwa, na Shahed inaachiwa mizinga, bunduki za rashasha juu ya malori, helikopta, na sasa droni za kukimbiza droni, za dola elfu chache tu. Hizi za mwisho ndizo zinazonipa matumaini, kwa sababu zinarudisha bei ya kujikinga chini ya bei ya kushambulia.

Waliochelewa kuelewa walionekana usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Septemba 2025, karibu droni 20 zilipoingia anga ya Poland. Ndege za F-16 na F-35 ziliruka. Baadhi ya zile droni zilikuwa chambo tu, za povu na mbao nyembamba. Kutungua ubao kwa ndege ya dola milioni 80 na kombora la mamia ya maelfu, unaweza kufanya usiku mmoja. Kwa miezi 6 mfululizo hazina inapasuka.

Marekani iliyaona hayo Bahari ya Shamu pia. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoiteka meli ya Galaxy Leader na kuanza kurushia nyingine droni na makombora, manowari za Marekani zilizijibu kwa makombora ya takriban dola milioni 2 kila moja. Zilitungua nyingi sana, kazi ilifanyika kwa ustadi na mabaharia wanastahili sifa. Lakini kampuni za meli ziliamua zenyewe kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Mlinzi alikuwa hakosi shabaha, na njia ikafungwa vile vile.

Leza? Uingereza ilijaribu DragonFire Januari 2024, pigo moja chini ya pauni 10. Inapendeza. Inataka anga safi, inapiga kimoja kimoja, na inataka umeme mwingi. Nasubiri kuiona mvuani.

Naomba nirudi nyuma kidogo kwa historia, kwa sababu kuna watu watasoma hapa waseme manowari basi tena. Karne ya 19 maofisa wa Ufaransa, Admirali Aube akiwa mbele yao, walisema boti ndogo zenye topido zitamaliza meli kubwa za Uingereza, kwa sehemu ndogo ya gharama. Kwa muda ilionekana hivyo. Waingereza wakajibu kwa kuunda meli ya kasi ya kuwinda boti za topido, na ndiyo mzazi wa manowari za leo zinazoitwa "destroyer". Kinga huwa inakuja. Bei yake hulipwa na wale wanaopigana kabla haijafika.

Na onyo huwa linakuja mapema pia. Mwaka 2002 Marekani ilifanya mazoezi makubwa ya kivita, ya dola milioni 250. Jenerali mstaafu Paul Van Riper alipewa upande wa adui dhaifu. Akatuma amri zake kwa pikipiki ili zisinaswe, akakusanya boti ndogo, akashambulia kwa pamoja, na kwenye karatasi meli 16 za Marekani zikazama. Wasimamizi wakaziinua meli, zoezi likaanza upya kwa masharti mapya, na Van Riper akajitoa. Alikuwa amewaambia ukweli miaka 20 kabla ya Bahari Nyeusi.

#8

Samahani wakuu, mimi si mtu wa mambo haya, nimefuata uzi kimya tangu juu. Nauliza tu. Kama silaha imekuwa rahisi hivi, si basi mnyonge amepata nafuu? Nchi ndogo isiyo na fedha inaweza kujilinda. Au sijaelewa?

#9 (mleta uzi)

Umeelewa dada, na swali lako ndilo nililokuwa naliogopa, kwa sababu jibu lake lina pande mbili na moja ni chungu.

Ndiyo, mnyonge amepata nafuu, na si mara ya kwanza. Mwaka 1987 Chad iliifukuza Libya kutoka jangwani kaskazini. Libya ilikuwa na vifaru na ndege. Wachadi walikuwa na Toyota za wazi zilizofungwa makombora ya MILAN kutoka Ufaransa, na watu wanaolijua jangwa. Fada ikaanguka Januari, Ouadi Doum Machi. Mwaka 2020 Azerbaijan, kwa siku 44, iliivunja kinga ya anga ya Armenia kule Nagorno-Karabakh: ilirusha ndege kuukuu za An-2 ziwe chambo, mitambo ya kutungulia ilipojifichua kwa kuzipiga, droni zikaishukia. Ukraini yenyewe isingefika ilipo bila droni.

Lakini nafuu hiyo haichagui mnyonge yupi. Anaipata anayejitetea na anaipata anayetaka kuwanyamazisha watu wake. Ndege ya kivita inataka rubani wa miaka mingi, uwanja, mafundi, vipuri. Droni inataka chumba. Pale gharama ilipokuwa kubwa, ilikuwa angalau inamfanya mkubwa afikiri mara mbili.

Tarehe 7 Januari 2022 droni ilipiga kambi ya wakimbizi wa ndani Dedebit, Tigray, Ethiopia, wakafa zaidi ya watu 50. Tarehe 3 Desemba 2023 droni ya jeshi la Nigeria ilipiga Tudun Biri, jimbo la Kaduna, watu wakiwa kwenye Maulid. Zaidi ya 80 walikufa, na jeshi likakiri kwamba lilikosea. Mei 2025 droni zilifika Port Sudan, mji ambao maelfu walikimbilia wakiamini uko mbali na vita; zikachoma maghala ya mafuta na kupiga uwanja wa ndege ambao misaada ilikuwa inapitia.

Kipo kifungu cha 36 cha Itifaki ya Kwanza ya 1977 kwenye Mikataba ya Geneva, kinachoitaka kila nchi mwanachama iikague silaha mpya kabla ya kuitumia, kama inaruhusiwa na sheria. Kiliandikwa kwa zama ambazo silaha mpya ilichukua miaka 15 kuzaliwa. Mchangiaji wa #6 ametueleza kwamba sasa ni wiki. Sijaona serikali iliyoongeza wakaguzi kwa kasi iliyoongeza viwanda vya droni, na hilo linanikera kwa sababu ni gharama ndogo kuliko zote nilizozitaja humu.

Kherson, kusini mwa Ukraini, mto Dnipro ndio mpaka wa majeshi. Kutoka ng'ambo, marubani wa droni wanawaona watu wa mjini kwa kamera, mmoja mmoja: anayekwenda dukani, anayeendesha baiskeli, gari la wagonjwa. Mei 2025 tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilisema mashambulizi hayo dhidi ya raia ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Aliyerusha aliona uso kabla ya kubonyeza.

#10

Na hao watu wa Kherson wanajikingaje? Leza haijafika, Patriot haiwezi kumlinda mwenye baiskeli.

#11 (mleta uzi)

Nyavu, mkuu. Zimefungwa juu ya barabara kwenye nguzo, kilomita baada ya kilomita, ili panga za droni zinase. Nyingine ni nyavu za kuvulia zilizochakaa. Wavuvi wa Brittany, Ufaransa, walizikusanya bandarini badala ya kuzitupa, zikapakiwa kwenye malori hadi Ukraini. Mabasi na magari ya wagonjwa yanapita chini yake.